Nilikuwa mnusaji wa mchele Kyela, kumbe sijawahi kunusa kitu tangu nizaliwe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, mlio kazini na mliojilaza.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo nimekaa gesti huku Mpanda, mvua imenifungia ndani, nikasema ngoja nitoe hili ambalo nimelibeba tangu ujana. Sitaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana wengine bado wako hai na wajukuu zao wana simu.

Jambo lenyewe ni hili: mimi sinusi.

Siyo mafua, siyo ajali. Nimezaliwa hivyo. Maua, choo, samaki, marashi, kwangu vyote ni sawa na hewa. Na nilikuja kujua hivyo nikiwa na miaka karibu ishirini, mbele ya watu, kwa aibu ambayo sijaisahau.

Najua mtauliza: mtu anafikaje umri huo bila kujua?

Wakuu, fikirieni kidogo. Mtoto anajuaje kwamba wenzake wana kitu ambacho yeye hana? Mimi nilizaliwa Bujonde, Kyela, katikati ya mpunga, migomba na kokoa. Nilipokuwa mdogo nilisikia watu wakisema "kunanukia" wakiingia kwenye nyumba ambayo chungu kiko mekoni. Nikaona ni adabu. Unapiga hodi, unasema "ugonile", unaambiwa karibu, unasema kunanukia, unapewa kigoda. Nikawa nasema na mimi. Mama wa watu anafurahi, napakuliwa.

Wakipita penye mzoga wanakunja uso, nami nakunja. Niliona mzoga, nikajua hapa panakunjwa uso.

Halafu pilipili ikikaangwa nilikohoa kama wote. Kitunguu kilinitoa machozi. Nikaamini pua yangu inafanya kazi. Baadaye sana daktari mmoja ndiye aliyenieleza kwamba ule ni muwasho, siyo harufu.

Basi, nikamaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikarudi nyumbani.

Ile ilikuwa miaka ya soko huria kuchanganya. Mlio wa rika langu mnakumbuka. Zamani mpunga ulinunuliwa na ushirika. Unapeleka, unapimwa uzito, wanaangalia kama umekauka, basi. Hakuna aliyenusa. Mpunga ulikuwa mpunga.

Walipoingia wafanyabiashara binafsi mambo yakageuka. Malori yakawa yanashuka kutoka Tukuyu kuja kutafuta mchele wa Kyela, na walichokitaka ni harufu yake. Dar es Salaam walikuwa wanaulilia. Kukawa na wajanja wanaochanganya na mchele wa kwingine usionukia, kwa macho huwezi kuutofautisha. Ghafla pua ikawa kitendea kazi.

Pale Mbugani, Kyela mjini, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, tumwite Mzee Shabani. Baba yake alitokea pwani akalowea, yeye kazaliwa hapo hapo. Duka la khanga, sukari, betri, na nyuma yake biashara ya mchele. Alitafuta kijana wa vijijini anayeongea Kinyakyusa, anayejua wakulima, wa kumnusia mchele.

Akaniuliza, "Lusajo, mchele wa kwenu unaujua?"

Nikamjibu, "Mzee, nimelelewa nao."

Sikudanganya. Ndiyo shida yenyewe.

Akanifundisha namna ya kupima. Unachota mchele, unaufunga kati ya viganja viwili kama unayetaka kupiga mluzi. Unaupulizia pumzi ya moto kwenye ule upenyo wa vidole gumba. Unasubiri kidogo. Halafu unaweka pua pale pale na kuvuta.

Nikafanya. Nikavuta. Nikahisi joto la pumzi yangu likinirudia puani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wakuu, nawaapia, nilidhani lile joto ndiyo harufu! Nikasema kumbe ndiyo hiki watu wanachokisifia siku zote. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Nikajitengenezea sheria yangu kichwani. Mchele mkavu ulirudisha joto vizuri, huo unanukia. Mchele wenye unyevu ulikuwa wa baridi, huo nikaukataa. Na mchele wenye unyevu mara nyingi umeanza kuvunda, kwa hiyo nilikuwa napatia! Msimu mzima napatia. Wakulima wakanipa jina la Pua. Nikipita na baiskeli Ikolo, mtu anapiga kelele shambani, "Pua huyo, anikeni vizuri!"

Kichwa kikavimba. Nikawa navuta hewa kwa mbwembwe, nafumba macho, natikisa kichwa polepole. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Sasa anaingia Mama Gwakisa.

Huyu alikuwa jirani yetu Bujonde, mjane, rafiki wa mama yangu. Nimekula kwake kuliko nilivyokula kwetu. Alilima mpunga, na kaka yake alikuwa mvuvi ziwani, akimletea usipa anauza gulioni. Usipa ni wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa wasiowajua.

Mama Gwakisa alikuwa na cheo kimoja ambacho hakikuandikwa popote. Kwenye harusi na misiba ya pale kwetu, chungu cha wali kilikuwa chake. Wengine watapika nyama, watamenya ndizi, lakini wali haushikwi mpaka yeye afike. Kwa mwanamke wa Bujonde hicho siyo kitu kidogo.

Alileta magunia manne ya mchele. Nikanusa gunia la kwanza, joto likarudi safi, nikasema mama yangu huyu, nitamnusa mara ngapi? Nikapokea yote.

Utaratibu wetu ulikuwa kumrudishia mkulima magunia yake, mchele tunaumimina kwenye magunia ya Mzee Shabani, tunaandika alama ya mwenye mchele kwa rangi ili likitokea tatizo tujue limetoka wapi. Siku hiyo magunia ya mzee yalikuwa yameisha. Mimi nikawahi Ikolo, nikapata furushi la magunia matupu kwa mama mmoja muuza usipa. Nikayafua mwenyewe mtoni kwa sabuni, nikayaanika juani siku nzima, yakawa meupe kabisa.

Najua mmeshashika vichwa.

Kwangu mimi kitu kikifuliwa kikakauka kimekuwa kisafi. Kuna nini tena kilichobaki? Nikamimina mchele wa Mama Gwakisa humo, gunia lililozidi nikamimina mchele wa mkulima mwingine wa kiume, nikashona. Stoo yetu ilikuwa kule kwenye mashine ya kukoboa, mbali na duka, mzee alikuwa hafiki mara kwa mara. Lori likabeba, likaacha lile gunia moja kwa kukosa nafasi.

Baada ya wiki kadhaa ikaja taarifa kutoka Dar. Magunia yenye alama ya Mama Gwakisa yananuka samaki. Ukipika, nyumba nzima ni usipa.

Mzee Shabani akamwita mama dukani, watu wakiwepo.

"Mama, mimi nanunua mchele, sinunui mboga yake."

Watu wakacheka. Mama Gwakisa hakuelewa.

"Tata, mchele wangu nimeukoboa kwa mkono wangu. Una nini?"

"Una usipa."

"Usipa wangu unakaa banda la nje. Muulize huyu mwanangu, si alinusa?"

Wote wakanigeukia. Mzee akaniuliza, "Lusajo, ulinusa magunia yote?"

Nilitakiwa niseme ndiyo au hapana. Nikasema ukweli nilioujua. "La kwanza tu, mzee. Lilikuwa zuri."

"Ndiyo hivyo!" Mzee akapiga meza. "La kwanza zuri, matatu ya nyuma yamelala na samaki, yakaliharibu na hilo. Ujanja wa siku zote."

Mama Gwakisa akanitazama. Alijitanda khanga yake akatoka.

Nami wakuu, Mungu anisamehe, niliamini. Nilijua nimenusa, nimefua, nimeanika. Nikajisemea huyu mama kanichezea kwa sababu ananiona mtoto wake.

Habari ikafika Bujonde kabla yake. Hakuna aliyemtukana. Ila kwenye kipaimara kilichofuata wanawake walimwambia kwa upole apumzike, wali utashikwa na mwingine. Wakampa ndizi za kumenya, pembeni. Mchele wake haukununuliwa tena na mtu yeyote, hata wale wasiomjua Mzee Shabani.

Zikapita kama wiki tatu.

Siku moja mchana Mzee Shabani alikuja stoo na mke wake, Bi Zuhura, kuchagua mchele wa nyumbani. Bi Zuhura alikuwa mtu wa udi, karafuu na rangi ya hina, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Alipovuka kizingiti tu akaziba pua.

"Mnafuga samaki humu?"

Akafuata pua yake mpaka kwenye lile gunia moja lililoachwa na lori. Akafungua mshono. Akarudi nyuma hatua mbili. Mzee naye akainama, akakohoa. Akatazama alama ya gunia. Ilikuwa ya yule mkulima wa kiume, mtu ambaye hajauza usipa maisha yake yote.

"Lusajo, njoo. Nusa hili."

Nikaja na mbwembwe zangu. Nikachota, nikafunga viganja, nikapulizia, nikavuta. Joto lilirudi safi kabisa, mchele ulikuwa mkavu kama mfupa.

Nikasema, "Mzee, hili halina shida. Linanukia."

Fundi mashine alikuwa anatafuna muwa, akaacha.

"Rudia," mzee akasema.

"Linanukia vizuri, mzee."

Akanishika ukosi. "Kumbe ni wewe! Wewe na yule mama mnanifanya mimi mjinga!"

"Mzee naapa..."

"Gunia linanuka mpaka barabarani, unaniambia linanukia? Umekula naye nini?"

Bi Zuhura ndiye aliyemtoa mkono. Alikuwa ananitazama usoni kwa namna ya ajabu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mwache kwanza," akasema. "Kijana, fumba macho. Na ukiyafumbua nayachoma kwa kidole."

Nikafumba. Nikasikia viatu vyake vikienda na kurudi.

"Mbele ya pua yako kuna nini?"

Nikavuta. "Hakuna kitu."

"Na sasa?"

Nikavuta tena. "Hakuna."

"Na sasa?"

Nilihisi kitu cha vuguvugu karibu na mdomo. Nikasema kwa furaha, "Hapo kunanukia!"

Fundi mashine alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Nikafumbua macho.

Cha kwanza kilikuwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Cha pili, karafuu kutoka kwenye pindo la khanga yake. Cha tatu, wakuu, kilikuwa kinyesi kibichi cha ng'ombe juu ya jani la mgomba, bado kina moto wake. Na nilikuwa nimekisogelea nikitabasamu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wa Kyela waache kucheka kitu kama kile?

Nikauliza, "Kwani nyinyi mnasikia nini?"

Bi Zuhura akasema polepole, "Mwanangu, kila kimoja kina chake. Hata nikiwa chumba cha pili nakijua. Hata kikiwa cha baridi kama maji."

"Bila joto?"

"Joto gani?"

Nikamweleza habari ya joto. Alikaa chini juu ya gunia, akaweka mkono mdomoni.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Ni kama uambiwe leo kwamba watu wote unaowajua, mama yako, walimu wako, rafiki zako, wanaona rangi moja ambayo wewe hujawahi kuiona, na wamekuwa wakiitaja mbele yako kila siku, na wewe unaitikia. Nilianza kurudia maisha yangu nyuma, neno kwa neno. Kila mahali niliposema kunanukia.

Halafu nikafika kwenye magunia.

"Mzee," nikasema, "haya magunia nilinunua kwa muuza usipa. Niliyafua."

Mzee Shabani aliinua uso akatazama bati. Alielewa yote mara moja. Na nilichotegemea aseme sicho alichosema.

"Usiseme kwa mtu."

"Na Mama Gwakisa?"

"Nitampelekea khanga na sukari. Nitaanza kununua mchele wake polepole, watu watasahau. Lakini wateja wakisikia kwamba msimu mzima mchele wangu umenuswa na mtu asiye na pua, nimekwisha. Nina watoto, Lusajo. Na wewe nitakutafutia kazi nyingine dukani."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo. Ile ndiyo ilikuwa biashara yake yote, na kazi ya dukani Mbugani wakati ule kila kijana aliitaka.

Nilikaa nayo siku tatu. Jumamosi kulikuwa na harusi Bujonde. Niliacha baiskeli ya mzee mbele ya duka, nikaenda kwa miguu.

Nikamkuta Mama Gwakisa nyuma ya jiko la harusi, amekaa peke yake kwenye kigoda, anamenya ndizi. Chungu cha wali kilikuwa na wanawake wengine wanne, wanabishana kuhusu maji.

Nikasimama katikati, mwanamume jikoni kwa wanawake. Wakanizomea.

"Gwe, wali bado! Njaa gani hiyo?"

Nikasema kwa sauti, "Mama zangu, mchele wa Mama Gwakisa ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyeutia kwenye magunia ya usipa. Sikujua kwa sababu sina pua. Sijawahi kunusa kitu."

Wakaangua kicheko. Pua hana pua! Mmoja akasema nimeshakunywa asubuhi asubuhi.

Yule aliyekuwa ameshika mwiko hakucheka. Akaenda ndani kulikokuwa na chakula cha wapishi, akarudi na bakuli mbili zimefunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke unatoka pembeni. Akanifunga macho kwa kitenge. "Moja ni wali, moja usipa. Nionyeshe wali."

Nikasogeza pua kwenye ya kwanza. Joto. Nikasogeza kwenye ya pili. Joto lile lile.

Nikarudia ya kwanza, nikarudia ya pili. Nikasema, "Mama, sijui."

Nilisikia mmoja akisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini. Waliponifungua kitenge, kicheko kilikuwa kimekwisha. Yule wa mwiko alikuwa anamtazama Mama Gwakisa, halafu akatazama chini.

Mama Gwakisa alikuwa bado ameshika kisu na ndizi. Nilitegemea anitukane kwa ajili ya magunia. Au anisamehe. Akaniuliza kitu kingine kabisa.

"Kwa hiyo miaka yote uliyokula kwangu, ukiingia unaniambia kunanukia, ulikuwa unanidanganya?"

"Nilidhani ndivyo inavyosemwa, mama."

Machozi yalimlenga. Kwa mchele hakulia, kwa kunyimwa chungu hakulia. Kwa hilo alilia.

Kisha akajifuta kwa mgongo wa mkono, akasimama, akaenda kwenye chungu. Yule mwanamke akampa mwiko bila kuambiwa. Mama Gwakisa akafunua, akainamia mvuke, akasema, "Mmezidisha maji. Punguzeni kuni huku." Na kwangu akasema, "Toka hapo, umeziba njia."

Hayo ndiyo maneno yote niliyopata siku hiyo.

Mzee Shabani alinitumia ujumbe kwamba nisikanyage dukani kwake. Biashara iliyumba lakini haikufa. Nilisikia Bi Zuhura alianza kwenda stoo mwenyewe, na hakuna gunia lililompita. Mimi nikaondoka Kyela mwezi huo huo. Nimekaa Chunya, Songea, Kigoma, sasa Mpanda. Siwezi kutulia mahali, sijui kwa nini.

Nimeshakula chakula kilichochacha mara nyingi. Nimeshanusurika na gesi, jirani ndiye aliyevunja mlango. Nikipanga chumba siku hizi, kitu cha kwanza ni kumwambia jirani ukweli.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujamwambia mtu kwamba kaharibu, kikague kwanza kile unachompimia. Mimi nilikuwa na uhakika kamili, na uhakika wangu ulikuwa pumzi yangu mwenyewe.

Nilirudi Bujonde mara moja, baada ya miaka mingi. Mama Gwakisa alikuwa amezeeka, mikono inatetemeka. Akanipikia. Niliketi, sikuthubutu kusema lile neno.

Akaweka sahani mbele yangu, akainama, akavuta harufu kwa niaba yangu. Akasema, "Leo unanukia kama matone ya kwanza ya mvua yanavyopiga vumbi la moto. Na kwa mbali, kama majani mabichi yaliyopondwa. Haya, kula."

Nikala. Yale matone nimeyaona mara nyingi. Yale majani nimeyaponda kwa mikono yangu. Sikunusa kitu, lakini ule ndio wali pekee ambao nimewahi kuambiwa ukweli wake.

Ameshatangulia sasa. Na mimi nyumbani nimepakumbuka sana mwaka huu.

Kwa hiyo mliotokea Kyela, au mliowahi kupita: kokoa ikianikwa inanukiaje? Ziwa likichafuka asubuhi? Migomba baada ya mvua? Na wenye hali kama yangu mjitokeze pia, tusioneane aibu. Msinihurumie, niandikieni tu. Nitasoma yote.